Sebule inaungua, chumba cha nyuma kinatota: tuanzie wapi kukarabati?

Swali:

Shikamoo kaka. Tuna nyumba Kinyerezi, Dar es Salaam, tulihamia mwaka 2011. Kiwanja ni mita 25 kwa 32, kimeinama kutoka nyuma kuja barabarani. Sebule inatazama barabarani, yaani magharibi, na kuanzia saa tisa alasiri haikaliki hata feni ikiwa namba ya mwisho. Chumba cha watoto, cha nyuma, kina unyevu. Tumepaka rangi mara tatu na kila mara inabanduka. Kona ya jikoni kuna ufa. Tumejibana tumepata milioni 18. Fundi anashauri tuvunje ukuta wa jiko liungane na sebule, tuweke gipsamu mpya, uwanja wote tutandaze pevingi, na mwembe wa mbele tuukate kwa sababu anasema mizizi yake ndiyo imeleta ufa. Mume wangu anataka tuanze na ndani kwa kuwa Desemba tuna harusi na wageni watafikia kwetu. Nasahau: ukuta wa fensi wa nyuma umeanza kuegemea kwetu kidogo tangu jirani wa juu ajaze kifusi. Tuanzie wapi?

Jibu:

Marahaba, dada yangu. Nimesoma barua yako mara mbili na kuzitazama picha zote, vipimo na maelezo mengine uliyotuma pamoja nayo, na naomba nianzie pale ulipomalizia. Mstari wako wa mwisho, ule ulioandika "nasahau", ndio mzito kuliko yote.

Ukuta wa fensi hujengwa kuziba macho na kumzuia mwizi. Haujengwi kubeba kilima. Tofali za inchi 6 zikirundikiwa kifusi upande mmoja mpaka kiunoni, zinaweza kuvumilia kiangazi kizima kana kwamba hakuna kitu. Mvua ikija, kifusi kinakunywa maji na kuwa kizito, na maji yaliyonasa nyuma ya ukuta nayo yanausukuma. Ukuta wa namna hiyo hautoi taarifa ya siku tatu, unalala mara moja, na mara nyingi ni usiku mvua ikiwa imekolea. Sasa kwenye picha ya nne nimeona bembea ya watoto imefungwa hatua chache tu kutoka hapo.

Kwa hiyo leo, kabla hujamaliza kusoma, hamisha bembea. Watoto wasicheze nyuma, na kamba ya nguo ihamie ubavuni. Halafu pandeni kwa jirani. Msipande na maneno ya kesi. Nenda na shemeji, jioni, na picha kwenye simu, mumweleze kwamba ukuta ukilala, kifusi chake nacho kitashuka, na uwanja wake utaanza kumeguka kuelekea kwenye nyumba yake mwenyewe. Watu wengi hawajui hilo mpaka waambiwe kwa upole. Akikaza shingo, mwenyekiti wa serikali ya mtaa aitwe sasa hivi wakati wa kiangazi. Msisubiri mvua.

Kiufundi, kifusi kiondolewe mita moja na nusu hivi kutoka ukutani. Baada ya mzigo kupungua, sehemu iliyoegemea ibomolewe kwa mkono, tofali moja moja kuanzia juu, ijengwe upya wima. Msikubali fundi aipige nyundo au aiwekee nguzo za kuitegemeza tu na kuiacha hivyo. Kama jirani analazimika kuinua kiwanja chake, ajenge ukuta halisi wa kushikilia udongo: wa mawe, mpana chini na mwembamba juu, wenye matundu ya bomba la inchi 3 kila baada ya mita moja na nusu hivi, na kokoto nyuma yake ili maji yapite na udongo ubaki. Ukizidi mita moja kwenda juu, hiyo ni kazi ya mhandisi, wala msimwachie fundi mwashi hata awe hodari kiasi gani.

Sasa nikujibu swali lenyewe. Mnaanzia nje, na huko nje mnaanza na maji. Najua si jibu ambalo shemeji alitaka kusikia. Lakini unyevu wa chumba cha watoto umetoka uwanjani, ufa wa jikoni umetoka uwanjani, na hata sehemu ya joto la sebuleni imetoka uwanjani. Mkiweka gipsamu na rangi mpya kabla ya kutibu uwanja, mtakuwa mmelipia rangi ya nne.

Tazama chumba cha watoto. Nyumba yenu imekatiwa kwenye mteremko. Fundi wa kwanza alichimba upande wa nyuma ili apate usawa, na miaka hii yote udongo umekuwa ukishuka taratibu na kujilundika ukutani. Kwenye picha ya pili, ile ya bustani ya maua chini ya dirisha, udongo wa nje umepanda juu ya usawa wa sakafu ya ndani kwa kama sentimita 30. Kwenye msingi huwa kuna tabaka la kuzuia unyevu, ile nailoni nyeusi ambayo mafundi wanaiita DPC, na kazi yake ni kukata maji yasipande kutoka chini. Udongo ukishapita juu yake, maji hayana haja ya kupanda, yanaingia kwa ubavuni. Ndiyo maana rangi inabanduka kuanzia chini hadi usawa wa magoti, na ndiyo maana unaona ule unga mweupe kama chumvi. Ni chumvi kweli, inaletwa na maji kutoka ndani ya tofali na kuachwa juu ya plasta maji yanapokauka.

Kama unataka kuhakikisha kabla ya kutoa pesa, fanya jaribio dogo. Kata kipande cha nailoni inayong'aa, nusu mita kwa nusu mita, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne hewa isipite, ukiache siku mbili. Matone yakitokea upande wa nailoni unaogusa ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakitokea upande wa chumbani, basi tatizo ni hewa nzito ya chumba kisichopumua, na dawa yake ni dirisha. Kwa picha zako naamini ni la kwanza, ila jaribu. Halitakugharimu kitu.

Dawa ya ukuta huo haimo kwenye kopo. Kuna dawa nyingi dukani za kupaka ndani, na zote zinafanya kazi moja: zinauziba unyevu ndani ya tofali mpaka upate njia nyingine, mara nyingi juu zaidi. Ninyi ondoeni udongo upande wa nje. Chimbeni upana wa mita moja kando ya ukuta wa nyuma mpaka usawa wa uwanja uwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani. Chimbeni kwa vipande vya mita mbili mbili, na kamwe msishuke kufikia chini ya msingi. Ule ukingo wa udongo utakaobaki upande wa mlimani mushikilie kwa kiukuta cha mawe cha sentimita 60 hivi, chenye matundu. Hapo katikati, kati ya kiukuta na nyumba, sakafu ya zege iinamishwe kutoka nyumbani, sentimita 5 kwa kila mita. Halafu ndani, bandueni plasta ya zamani kufikia nusu mita juu ya alama ya unyevu, muache tofali zikiwa uchi zipumue mwezi mmoja au zaidi, dirisha wazi mchana. Zikikauka ndipo mpige plasta. Watoto walale sebuleni kwa muda huo, wao wataona ni sherehe.

Ufa wa jikoni nao una chanzo chake, na wala si mwembe. Mwembe uko mbele, magharibi. Ufa uko kona ya kaskazini mashariki, upande wa pili kabisa wa nyumba. Mizizi haitaruka vyumba vyote iende kupasua kona ya jikoni. Angalia picha ya sita: gata lote la nyuma linamwaga kwenye bomba moja, na bomba hilo linaishia hewani, nusu mita kutoka ardhini, kwenye kona ileile yenye ufa. Tupige hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nusu ya paa lenu, kwa vipimo ulivyonipa, ni kama mita za mraba 95. Mvua moja ya masika ya milimita 40, ambayo si ya ajabu Dar, inashusha lita 3,800 kwenye kona hiyo. Ni mapipa 19 ya lita 200, yamemwagwa sehemu moja, mvua moja, na mmekuwa mkifanya hivyo tangu 2011. Udongo wenu ni wa mfinyanzi uliochanganyika na mchanga. Ukilowa unalainika na kuvimba, ukikauka unasinyaa. Kona inapanda na kushuka huku nyumba nyingine imetulia, na ukuta ukikosa pa kwenda unapasuka mshazari, kama ngazi, kufuata maungio ya tofali. Ndivyo ufa wako ulivyo.

Kwa ufa huo, chukua penseli leo. Piga mstari mwembamba kukatisha ufa sehemu tatu, chora alama kwenye ncha zote mbili za ufa, andika tarehe pembeni ukutani, na upime upana wake. Rudia kila tarehe mosi. Ufa usiozidi milimita 2 na usioongezeka baada ya maji kuondolewa unazibwa tu. Ukifika milimita 5, au mlango wa jikoni ukianza kugoma, simamisheni kila kitu na kuita mhandisi.

Na mtaro. Chora akilini mtaro unaokinga maji kabla hayajafika nyumbani: unakwenda sambamba na fensi ya nyuma kwa mita zake 25, unakunja kona, unashuka ubavuni hadi barabarani. Upana sentimita 30 hadi 40, kina hivyo hivyo. Kwa kipande cha nyuma mteremko uwe sentimita 1 kwa kila mita, yaani kutoka kona moja hadi nyingine mtaro ushuke sentimita 25. Fundi apime kwa mpira mwangavu uliojazwa maji, asikadirie kwa jicho. Kipande cha ubavuni ni kinyume chake, pale tatizo ni kasi. Umesema kiwanja kinashuka kama futi 6 kutoka nyuma hadi mbele. Maji yakiachwa yateleze moja kwa moja yatachimba geti lenu na barabara pia, kwa hiyo mtaro huo uwe na vingazi na mawe yaliyopandwa ndani yake ili maji yajikwae njiani.

Kabla ya kuchimba, nakuomba kitu kimoja ambacho wateja wangu wengi wanakidharau halafu wananishukuru. Mvua ya kwanza ikinyesha, hata yale manyunyu ya mapema, vaa kandambili, chukua mwavuli na vijiti ishirini vilivyofungwa vitambaa vyekundu. Toka nje. Maji yanapoingilia, chomeka kijiti. Yanapotuama, chomeka. Yanapokatiza, chomeka. Dakika ishirini tu. Uwanja wako utakuambia mambo ambayo mimi siwezi kuyaona kwenye picha, na fundi anayekuja saa nne asubuhi kukiwa na jua hawezi kuyaona pia.

Maji ya paa yasiingizwe kwenye karo la choo. Najua jambo hilo linafanyika mitaa mingi, karo linajaa, halafu mvua ikinyesha watu wanatapisha vyoo mtaroni. Mkiwa Kinyerezi, mtaro wenu unaelekea Mto Msimbazi, na Msimbazi unapita Tabata, Vingunguti na Kigogo hadi Jangwani. Wengi tunakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, baada yake familia za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Sisi tunaojenga juu ndio tunaoamua maji yafike kule kwa kasi gani, na hilo linaniuma kila ninapoona kiwanja cha mlimani kilichosakafiwa chote. Wekeni tangi la lita 5,000 kwenye ile kona ya jikoni, juu ya jukwaa la zege, likinga gata la nyuma. Kwa paa lenu linajaa kwa mvua ya milimita 53 tu. Yanayozidi yapelekwe kwa bomba kwenye shimo la kokoto upande wa mbele, na pembeni ya shimo hilo panda migomba mitatu. Sijaona mmea wa nyumbani unaokunywa maji kama mgomba.

Hapo ndipo ninapokataa pevingi ya uwanja mzima. Kiwanja chenu ni mita za mraba 800, ukitoa nyumba inabaki kama 630. Mkizisakafia zote, mvua ileile ya milimita 40 itasukuma lita 25,000 kwenda getini, achilia mbali ya paa. Na jua likipiga juu ya pevingi za upande wa magharibi kuanzia saa sita, jioni mnarudishiwa joto lote hilo kupitia madirisha ya sebule. Weka mkono juu ya zege saa kumi na moja jioni, halafu uweke juu ya nyasi chini ya mwembe wako. Utanielewa. Wekeni pevingi pale mguu na tairi vinapopita: njia mbili za magurudumu kutoka getini, njia ya watu, na eneo la kuanikia nguo. Za gari ziwe za unene wa sentimita 8, za miguu sentimita 6 zinatosha. Chini yake moramu ishindiliwe kwa mashine, juu mchanga wa sentimita 3 hadi 5, na pembeni zifungwe kwa ukingo wa zege, la sivyo baada ya masika mbili zitakuwa mawimbi. Na chemba za choo zisifunikwe. Gari la majitaka litakuja siku moja, na siku hiyo hamtakuwa na hamu ya kutafuta mfuniko chini ya pevingi.

Sasa sebule. Hapa nataka nitulie kidogo, kwa sababu ndilo kosa ninaloliona kila nyumba inayotazama magharibi. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mchana jua liko juu sana, kwa hiyo madirisha ya kaskazini na kusini yanalindwa na paa la kawaida bila shida. Magharibi hakuna paa la kawaida linalosaidia. Paa lenu limetokeza sentimita 60. Mnamo saa tisa na nusu, nyakati kama Machi au Septemba, jua likiwa katikati ya utosi na upeo, paa hilo linaweka kivuli cha sentimita 60 chini ya ukingo wake. Saa kumi na moja kivuli hicho kimebaki kama shubiri moja. Dirisha lote liko juani. Ili kulikinga dirisha la mita 1.2 saa hiyo kwa paa peke yake, paa lingehitaji kutokeza mita 3. Ndiyo maana pazia zito, feni ya pili na hata kiyoyozi haviwezi kuwatosha: joto limeshapita kioo, liko ndani, mnagombana nalo likiwa sebuleni. Jua la magharibi likamatwe nje.

Na kitu pekee kinachowakamatia jua hilo kwa sasa ni ule mwembe ambao fundi anataka kuukata. Uko mita 7 kutoka ukutani, kona ya mbele. Tafadhali msiukate. Mkataji anatumia nusu siku, ninyi mtasubiri miaka kumi na zaidi kupata kivuli kama hicho tena. Ni kweli majani yake huziba gata, na dawa yake ni kupunguza matawi yanayoning'inia juu ya paa na kufagia gata mara mbili kwa mwaka, kabla ya vuli na kabla ya masika.

Mbele ya sebule jengeni baraza la upana wa mita 2.5, paa lake lishuke chini upande wa nje hadi mita 2.1 hivi. Lile jua la mwisho linalopenya chini ya paa mlizuie kwa kitu kilichosimama. Nusu ya upande wa barabarani iwe ukuta wa vitofali vya matundu, nusu nyingine waya wa kupandia mpasheni. Mpasheni unafunika waya vizuri ndani ya mwaka, na mnakunywa juisi. Baraza hilo ndilo litakalowapa wageni wa harusi mahali pa kukaa, na hili mwambie shemeji kwa herufi kubwa: kwa ugeni wa Desemba, baraza lenye kivuli lina faida kuliko jiko lililovunjwa ukuta. Kwa kuwa ni ongezeko la jengo, pitieni halmashauri kuulizia kibali kabla ya kuchimba msingi.

Upepo nao tuupe njia. Kuanzia Desemba hadi Machi, miezi yenye joto kali, upepo ni kaskazi, unatoka kaskazini mashariki, yaani juu ya fensi yenu ya nyuma na kupitia jikoni. Kwa sasa unagonga ukuta mzima na kurudi. Mnapoijenga upya ile sehemu ya fensi, kozi za juu ziwe za vitofali vya matundu. Juu ya milango ya korido fungueni matundu yenye wavu wa mbu. Hewa ikiingia nyuma na kutokea barazani, mtashangaa.

Lakini upepo huohuo ndio unaonifanya nisite kuhusu kuvunja ukuta wa jiko. Jiko liko upande unaoanzia upepo. Mkiondoa ukuta wote, kila samaki atakayekaangwa Januari atakaa sebuleni na wageni kabla hajafika mezani. Nyumba za picha mnazoziona mtandaoni zinapikia wali wa kupasha. Kwenu, kwa idadi ya watu uliyonitajia, kunapikwa kweli. Napendelea uwazi wa mita 1.8 wenye meza ya kupitishia chakula na mlango wa kusukuma wa kioo, pamoja na jiko dogo la nje, chini ya kipaa, kwa kukaanga na mkaa. Mtungi wa gesi nao ukae nje, bomba liingie ndani.

Na hata huo uwazi usikatwe mwaka huu. Ukuta huo unaungana na kona yenye ufa, na kona hiyo bado haijatulia. Iacheni ipite vuli ikiwa kavu, penseli ithibitishe. Februari, kabla ya masika, ndipo mkate. Fundi apande darini kwanza aangalie kama kenchi zimekalia ukuta huo. Kama zimekaa, mirunda isimamishwe pande zote mbili na boriti ya zege yenye nondo imwagwe juu ya uwazi na kukaa wiki tatu hadi nne kabla ya mirunda kuondolewa. Fundi akikuambia ukuta wa ndani "haubebi kitu" bila kupanda darini, usimpe nyundo.

Gipsamu sina mengi. Iliyopo, kwa picha, ina doa moja tu. Zibeni bati linalovuja, bandikeni kipande, pakeni rangi. Fungueni matundu chini ya ukingo wa paa, yenye wavu, ili hewa ya moto iliyonaswa kati ya bati na dari itoke. Hilo litawapoza kuliko gipsamu yoyote yenye taa za rangi.

Mimea itafuata maji. Ule mteremko wa nyuma panda nyasi za vetiva, mistari ikatize mteremko, mizizi yake inakwenda chini sana na inashika udongo. Chini ya mwembe panda nyasi za Pemba, zinavumilia kivuli, na kwenye jua ukoka wa kawaida. Ndimu na mstafeli ziwe ubavuni. Fikasi na mkrismasi sitaki kuviona karibu na karo wala fensi, mizizi ya hiyo miti ndiyo ya kuogopa kweli. Pandeni vuli ikishaanza, msipande sasa.

Ulipoandika ilikuwa wiki ya pili ya Agosti, kwa hiyo mna wiki nane hivi kabla ya vuli. Za kwanza mbili ni za jirani na fensi. Nne zinazofuata ni udongo wa nyuma, mtaro, gata na tangi. Baraza lianze Oktoba, rangi ya sebule Novemba mwishoni. Kwenye milioni 18, wekeni 6 kwa fensi, udongo na maji, 5 kwa baraza na njia za upepo, 5 kwa jiko la Februari na chumba cha watoto, na 2 zisiguswe kabisa, maana ukarabati hufukua mambo. Mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa awapigie hesabu ya vifaa kabla fundi hajapewa hata shilingi, na fundi alipwe kwa hatua iliyokamilika. Kama jirani atakubali kuchangia fensi, ile nafuu iende kwenye mtaro wa ubavuni, ujengwe kwa mawe badala ya tofali.

Nitumie picha za vijiti. Piga ukiwa umesimama nyuma kabisa, juu ya kiti, ili geti lionekane. Na upana wa ufa wa tarehe mosi Septemba.